Maswali ya Wasomaji: Gogogo mwenye mapezi tofauti na wenzake

SWALI: Nilinunua gogogo wanne wadogo wenye madoadoa kwa ajili ya tangi langu la kioo, nikaambiwa kuwa ni Synodontis petricola wa Ziwa Tanganyika. Kwa watatu, weusi wa mapezi unaanzia mwilini kabisa. Wa nne ana doa jeupe hapo shinani, tena pezi lake la kifuani la kushoto ni fupi kuliko la kulia. Je, ni mgonjwa, ni chotara au ni wa aina nyingine? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Ndugu msomaji, umeona mambo mawili yenye vyanzo tofauti, nasi tutayatenganisha.

Doa jeupe ndilo lenye uzito. Yaelekea samaki huyo ni Synodontis lucipinnis, aina iliyopewa jina lake la kisayansi mwaka 2006 tu, ingawa wafugaji walikuwa wakimfuga zamani kwa jina la petricola, na wauzaji wengi wanaliendeleza kosa hilo hadi leo bila nia mbaya. Tazama pezi la mgongoni, ya kifuani, ya tumboni na mkia: doa likiwapo shinani mwa kila pembetatu nyeusi, kulia na kushoto, hiyo ni alama ya kuzaliwa nayo. Ukingo mweupe wa nje usikuhadae, maana aina zote mbili zinao. Chotara wapo, hasa miongoni mwa samaki wa kuzalishwa mabwawani, lakini kwao alama huwa zimevurugika, hazipangiki hivyo.

Pezi fupi la upande mmoja, kwa kawaida, ni jeraha. Mbele ya pezi la kifuani gogogo ana mwiba mgumu ambao huuchanua na kuukaza anaposhikwa, ndio huohuo unaotoa ile sauti ya mkwaruzo inayosikika akitolewa majini, nao ukinasa kwenye wavu huweza kuvunjika au kuchana ngozi ya pezi. Kwa hiyo usimvue kwa wavu. Msukumie taratibu ndani ya chupa pana ya kioo, kisha umwangalie kwa tochi. Ukingo ukiwa mwekundu au una utando unaomomonyoka, huko ni kuoza kwa pezi, na kazi ya kwanza ni kubadilisha sehemu ya maji.

Ukingo ukiwa safi, mpige picha leo na nyingine baada ya wiki sita. Miale, yaani vijiti vyembamba vinavyolitanda pezi, hurefuka tena ikiwa shina la pezi halikuumia.