Google Sheets kazini: kutoka kaunta buku mpaka kufundisha matawi

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, anafanya kazi stoo huko Shinyanga, anasema wameambiwa kuanzia mwezi ujao kaunta buku basi, kila kitu kinaingia kwenye Google Sheets, yaani majedwali ya Google ya mtandaoni yanayofanana na Excel, na yeye kompyuta ameishika ya kuandikia barua tu. Swali lake: "Dada nianze na kozi gani?" Nikamjibu usianze na kozi. Akanyamaza, nadhani kaona namdharau, kwaiyo mdogo wangu hili jibu refu ni lako, na wengine mnaoniuliza hivo hivo someni hapa hapa.

Mi natunza stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, matawi yapo Geita, Sengerema na Kahama. Zamani kila tawi lilikuwa linapiga picha ukurasa wa kaunta buku jioni linatuma kwenye grupu la WhatsApp, alafu mi nakaa naingiza kwenye Excel, picha nyingine imepigwa na kivuli cha kichwa cha mtu juu ya namba, unapiga simu kuuliza hii ni 7 au 1, mwenzako yuko kwenye daladala anakwambia subiri kesho. Na mafaili sasa, "stoki mpya", "stoki mpya mwisho", "stoki mwisho kabisa tumia hii". Mnajua wenyewe.

Ndo bosi akaamua tuhame. Akaletwa mtaalamu, tukakusanywa ukumbini, jamaa anabonyeza huku anaongea Kiingereza mwanzo mwisho, hakuna aliyeandika kitu. Nikanyoosha mkono nikauliza, sasa hapa pa kusevu ni wapi? Akacheka. Akasema "mama, hii inajisevu yenyewe", ukumbi mzima ukaangua kicheko na hao waliocheka nusu yao walikuwa hawajui pia. Sijasahau. Naambiwa nisamehe na nimeshasamehe, ila sijasahau, na nadhani kile kicheko ndo kilinifundisha kuliko yeye.

Nilivojifunza ni hivi. Nilichukua ukurasa mmoja tu wa kaunta buku langu, wa saruji, nikaurudia kwenye Sheets vile vile ulivyo: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio, aliyepokea. Baada ya kazi, wenzangu wakishaondoka. Sikutafuta video za "jifunze Sheets yote", nilitafuta kile kilichonikwamisha siku hiyo basi. Nataka salio lijipige lenyewe, natafuta hilo. Nataka kujua saruji peke yake imetoka mingapi bila kuhesabu na nondo, ndo nikakutana na fomula inaitwa SUMIF. Unaiambia jumlisha namba za safu hii, pale tu safu ile imeandikwa saruji. Siku ilivyokubali nilicheka peke yangu stoo.

Ila ilikubali kwangu, matawi yalipoanza kuingiza ikaanza kutoa namba za ajabu. Tawi hili linaandika "saruji", lingine "cement", lingine "saruji 42.5" (hiyo namba ni daraja la nguvu ya saruji), na kuna mmoja kila akiandika saruji anaacha nafasi tupu mbele ya neno, kwa macho huioni kabisa ila kompyuta inaiona, kwake hilo ni jina lingine. Dawa yake ni kuwanyima watu uhuru wa kuandika. Weka orodha ya kushuka, mtu anachagua saruji 32.5, saruji 42.5, nondo mm 12, nondo mm 16, hakuna kuandika kwa mkono. Walinung'unika kidogo wakazoea.

Tarehe nazo. Faili likiwa limewekwa nchi ya Marekani, ukiandika 05/03 lenyewe linajua ni tarehe tatu mwezi wa tano, maana wao mwezi wanautanguliza. Ukiandika 25/03 linashangaa, mwezi wa ishirini na tano haupo, linaiacha kama maneno tu. Utaijua kwa kuangalia: tarehe ya kweli inalala kulia kwenye seli, yaani kile kijumba kimoja cha jedwali, maneno yanalala kushoto. Nenda Faili, Mipangilio, badilisha nchi, mi niliweka Uingereza zikakaa sawa. Zile zilizokwishageuzwa hazirudi zenyewe, unaandika upya. Na namba za simu za wateja zikipoteza sifuri ya mbele usigombane na mtu, tanguliza alama hii ' kabla ya namba, sifuri inabaki. Yule mtaalamu haya yote hakuyagusa, alikuwa anatuonyesha kupaka rangi.

Sasa nije kwenye kilichonipa heshima. Tawi moja, silitaji, saruji ikapungua mifuko 60. Mfuko ni kilo 50 jamani, hiyo ni tani tatu, haibebwi kwenye mkoba. Kikao kikaitwa na kidole kikaelekezwa kwangu, kwamba "mama wa stoo hajazoea mfumo, ameingiza vibaya". Nikaomba kompyuta iunganishwe kwenye ile skrini kubwa. Nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya ile seli, nikachagua historia ya mabadiliko. Ikaonekana: 160 ikabadilishwa kuwa 100, jina la aliyebadilisha lipo, saa ipo, na ilikuwa usiku wakati ofisi zimefungwa. Ukumbini kimya. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Yaliyofuata ni ya ofisi, siyaandiki.

Kwaiyo mdogo wangu, hicho ndo kitu cha kwanza kudai, kabla hata ya fomula: kila mtu aingie kwa akaunti yake. Ofisi nyingi zinafungua imeili moja, paswadi imeandikwa kwenye karatasi ukutani, watu watano wanaitumia. Hapo historia itakuonyesha jina moja la ofisi na mzigo utamwangukia mnyonge. Na linki usiiachie kwenye grupu ikiwa imewekwa "yeyote mwenye linki anaweza kubadilisha", maana wanaingia watu wasiojulikana, utaona kule juu picha ya mnyama tu badala ya jina la mtu, sasa utamshtaki mnyama? Waalike watu kwa imeili zao, anayehitaji kuangalia mpe kuangalia, anayeingiza mpe kuingiza, na safu za fomula zifunge. Ile historia ya seli nayo haina macho kila mahali, mtu akifuta mstari mzima haitakuonyesha, hapo fungua historia ya faili lote. Hayo fanyia kwenye kompyuta, simu inabana.

Vijana mnanikera kidogo hapa. Mnakimbilia vyeti, mtu ana vyeti vya kompyuta ukuta mzima, ukimpa daftari la stoo akutolee salio anaanza kuuliza Wi-Fi iko wapi. Cheti sikikatai. Ila anza na kazi iliyo mezani kwako, ingiza kila siku, hata siku ya mauzo matatu ingiza, na ukikwama uliza kwa sauti hata wakicheka. Mimi leo makao makuu wananiita kufundisha matawi na hakuna kozi niliyosoma, nilikuwa na kaunta buku na bando la usiku. Na tukizungumzia bando, Sheets haili sana, kinachomaliza ni vikao vya video, zima kamera yako ubaki na sauti. Umeme ukikata je? Washa kufanya kazi bila intaneti kwenye Chrome mapema ukiwa bado una mtandao, utaendelea kuingiza mpaka chaji iishe, mtandao ukirudi vinapanda vyenyewe.

Mnaoomba faili langu, la kazini sitoi. Nimetengeneza lingine tupu lenye orodha za kushuka na SUMIF zake, niandikieni nawatumia linki. Ukilifungua nenda Faili, tengeneza nakala yako, fanyia humo. Msibonyeze kuniomba ruhusa ya kubadilisha, nimeshazipata nyingi na zote nimezikataa.