Natumai atakuja, au namtumaini?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanakwaya. Tunaandaa wimbo wa mkesha wa mwaka mpya, na kiitikio chake kinasema "Tuna tumaini, Bwana atarudi". Mwenzetu mmoja amelikataa neno "tumaini". Anasema mtu akisema "natumai atakuja" anaonyesha hana uhakika, kwa hiyo afadhali tuimbe "tuna hakika". Je, yuko sawa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mwenzenu ana sikio zuri. "Natumai" ya siku hizi kweli ina shaka ndani yake. Tunaandika "natumai hujambo" kwa sababu hatujui kama mtu ni mzima. Tunasema "natumai mvua itanyesha" huku mawingu yakipita. Angalieni lakini kinachofuata baada ya kitenzi hicho: ni sentensi nzima, yaani jambo ambalo huenda likawa, huenda lisiwe.

Sasa mtieni mtu ndani ya kitenzi. "Namtumaini." Shaka imekwenda wapi? Mithali 3:5, katika Biblia ya Union Version waliyokulia wengi wetu, inasema: "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Mstari huo wenyewe unatupa kamusi, kwa kuwa umeweka kutumaini na kutegemea bega kwa bega. Anayemtumaini mtu amemwegemea. Kiambishi "m" kidogo tu, na maana imehama kutoka kwenye kubahatisha hadi kwenye kuamini neno la mwenye kuahidi.

Asili ya neno inaunga mkono hilo. Tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kutulia, moyo kutua. Waislamu wanalikuta shina hilo hilo katika Sura ya Alfajiri, nafsi mutmainna, nafsi iliyotua. Kwa hiyo tumaini tangu mwanzo lilikuwa na utulivu ndani yake, na mimi husikitika kila nikiona tumelishusha likawa sawa na "labda".

Je, "hakika" basi isifae? Ni neno jema, na Waebrania 11:1 inalo: imani ni "kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo". Lakini hakika peke yake haingoji kitu. Mtu anaweza kuwa na hakika ya jambo la jana. Tumaini linamtaka mtu awe bado yuko njiani, na Paulo analisema hilo waziwazi katika Warumi 8: "kitu kinachotarajiwa kikionekana, hakuna taraja tena", kisha anaongeza kwamba kile tusichokiona "twakingojea kwa saburi". (Taraja hapo na tumaini la 1 Wakorintho 13 ni neno moja la Kigiriki, elpis. Watafsiri wetu walitumia yote mawili.) Mkiimba "tuna hakika" mtakuwa mmesema kweli, ila kungoja kutakuwa kumetoka katika wimbo, na usiku wa mkesha watu wamekuja kungoja.

Kuna neno jingine ninalolipenda kuliko yote katika habari hii: kutazamia. Tito 2:13 inasema "tukilitazamia tumaini lenye baraka". Ni tazama iliyopewa kiambishi cha kutendea. Mama anayemtazamia mwanawe kutoka safari ana macho barabarani na chakula jikoni. Ukisema "natarajia wageni" umetaja mpango. Ukisema "nawatazamia" umetaja macho. Zaburi ya 130 inayo picha hiyo hiyo, nafsi ikimngoja Bwana "kuliko walinzi waingojavyo asubuhi", na mstari unaotangulia unasema "neno lake nimelitumainia". Mlinzi hana shaka kwamba kutakucha. Hata hivyo anakesha.

Hamkuuliza kuhusu "atarudi", lakini huwa naulizwa. Katika Yohana 14:3 Yesu anasema "nitakuja tena", na Kanuni ya Imani inasema "atakuja tena kwa utukufu". "Kurudi" si kosa, imbeni bila wasiwasi. Ila msisahau neno "Majilio", ambalo wengi hulidhani ni la maandalizi ya Krismasi tu. Limetoka katika jilia, kumjia mtu, kama pale Luka 19:44 inaposema "majira ya kujiliwa kwako". Kwa Wakatoliki, masomo ya Majilio hadi tarehe 16 Desemba huelekea zaidi kwenye kuja kwake mara ya pili.

Basi kuhusu kiitikio: "tuna tumaini" ni Kiswahili safi, na mkikiacha kama kilivyo hamjakosea. Lakini kwa kuwa tatizo la mwenzenu lilitoka kwenye kitenzi kisicho na mtu ndani yake, mtieni Bwana mwenyewe humo: "Twakutumaini, Bwana utarudi." Nimehesabu mizani, ni sita kwa sita kama ya kwanza, kwa hiyo sauti zenu hazibadiliki.