Mchora mabango na wasanifu majengo, wapi na wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni mchora mabango hapa Mwanga, Kigoma, saluni, bucha, gereji zote nachora, ila usiku nachora picha zangu mwenyewe. Binamu yangu anasoma usanifu majengo Dar, kaja likizo anasema sanaa ya sasa imeshikwa na wasanifu majengo wanaojaribu vitu vipya na watu wa dizaini, eti picha ya ukutani imepitwa na wakati. Ni kweli au ananiringia tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anaringa kidogo, ila ana pointi. Picha ya ukutani haijafa, asikutishe. Ni kwamba wasanii wengi sasa hivi hawakupi kitu cha kutazama tu, wanakutengenezea sehemu unaingia mwili mzima, na huo mchezo wasanifu wamechangia sana. Mcheki Gordon Matta-Clark wa Marekani, kasomea usanifu chuo kikuu cha Cornell afu badala ya kujenga akawa anakata, mwaka 1974 akachukua nyumba iliyokuwa inasubiri kubomolewa kule New Jersey akaipasua katikati juu mpaka chini, nusu moja akaishusha kidogo kwenye msingi, ufa ukapanuka, jua likaingia mpaka ndani. Sasa hapo sanaa ni nyumba au ni lile jua? Mi nasema jua, bishaneni wenyewe.

Ila wa kumwangalia zaidi ni jirani yako wa ng'ambo ya ziwa, Bodys Isek Kingelez wa Congo (sawa, Kinshasa ni mbali na huko, lakini si ni nchi hiyohiyo mnayoiona asubuhi?). Huyu usanifu hakusomea kabisa, alikuwa anakarabati vinyago vya makumbusho Kinshasa, akaanza kuunda modeli, yaani majengo madogo ya mfano, na baadaye miji mizima kwa makaratasi, maboksi, vifuniko vya soda, maghorofa ya rangi kali ambayo fundi yeyote angekukimbia ukimpa hiyo kazi. 1989 zikaonyeshwa Paris, na 2018, miaka 3 baada ya kufariki, MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ikamwekea maonyesho yake peke yake.

Cha kuiba kwa watu wa dizaini ni hiyo modeli, hawakai na wazo kichwani, wanakata boksi wanaliona, likigoma wanakata lingine. Anza na boksi la sabuni, chora ndani sio nje, toboa tundu, mulika na tochi ya simu. Na mteja wa saluni akikubali, bango lijalo likunje lishike kona ya ukuta, mtu akitokea sokoni aone uso, akifika mbele ndo aone msuko.