Maswali ya lugha: lakabu, jina la utani au cheo?

Swali: Naandaa tangazo la tanzia ya babu yetu, lisomwe na jamaa wa hapa na wa Mombasa. Baada ya jina lake nimeandika "jina la utani Amooti". Binamu anasema niandike "lakabu". Nani kapatia?
Msomaji, Fort Portal

Jibu: Pole sana kwa msiba. Hakuna aliyepatia.

Jina la utani huzaliwa kwenye mzaha: mwembamba huitwa Kijiti, mwenye maneno mengi huitwa Redio. Lina mipaka yake, ni la watani tu. Mkwe halitamki, na kwenye tanzia linakwaza.

Lakabu nayo hutolewa na watu, lakini kwa kumtambua mtu kwa sifa au kazi yake, na hutamkwa hadharani bila aibu. Nyerere alifundisha shule kabla ya siasa, akabaki Mwalimu hata alipokuwa rais. Hapo M ni kubwa. Wa darasani ni mwalimu kwa m ndogo. Nchi pia huwa na lakabu: Uganda ni Lulu ya Afrika, sifa iliyoenezwa na kitabu cha Churchill cha mwaka 1908.

Amooti ni empaako, yaani jina la heshima na upendo ambalo Watooro wa magharibi mwa Uganda humpa mtu, na empaako haitokani na mzaha wala sifa. Siku ya kumpa mtoto jina, mashangazi wa upande wa baba humpokea na kumtazama sura, amefanana na nani katika ukoo. Kisha mkuu wa ukoo humtangazia empaako yake. Majina yenyewe ni machache, Abwooli, Akiiki, Araali, Atwooki na mengine, kwa hiyo maelfu ya watu huchangia moja. Okaali ni la Omukama, yaani mfalme. Mwaka 2013 UNESCO iliiorodhesha empaako kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, na kuiita utani ni kuipunguzia hadhi.

Andika jina kamili, mkato, kisha: *empaako Amooti*. Usiliwekee alama za mtajo, zitalifanya lisomeke kama utani. Kwa ajili ya jamaa wa Mombasa ongeza mara moja tu: "jina la heshima na upendo kwa desturi ya Watooro".

Swali: Jirani yetu mwanajeshi tunamwita Afande. Kwenye kadi ya harusi niandike hicho cheo chake?
Msomaji, Jinja

Jibu: Afande si cheo. Ni neno la kumwitia mtu kwa heshima, asili yake Kituruki, na raia humwita hivyo koplo na jenerali vilevile. Cheo ni sajini, kapteni, meja, kanali, nacho hutangulia jina. Usikichanganye na wadhifa, kama ukamanda wa kikosi: akihamishwa wadhifa anauacha, cheo anaondoka nacho. Muulize mkewe kabla kadi hazijachapwa, maana vyeo hupanda. Usipopata jibu, andika Bwana.