Fundi wa Madishi Anajibu: Nalipia chaneli sitini, natazama tatu

*Fundi, asalaam alaikum. Mimi ni mama mtu mzima hapa Bombo, Uganda. Dekoda niliinunua kwa mambo matatu: taarifa ya habari, tamthilia ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kiswahili, na chaneli ya dini ya alfajiri. Mzee wangu ana la nne, mpira, lakini hilo analifuata kibandani. Mwezi uliopita, katikati ya mwezi, chaneli ya tamthilia ikatoweka. Kijana wa huduma kwa wateja akaniambia imehamia kifurushi cha juu. Nikaongeza pesa nikapanda. Siku sita baadaye kila kitu kikazima, eti siku zangu zimekwisha. Na hapo katikati umeme ulikuwa umekatika siku mbili. Kwa nini hawaniuzii chaneli zangu tatu, wakabaki na zao za kupika na mieleka? Na siku zangu zimekwenda wapi? — Hajati, Bombo*

Wa alaikum salaam, Hajati. Swali lako nimeulizwa nikiwa juu ya mabati ya watu kuanzia Wandegeya hadi Wobulenzi. Fundi ameshika spana, mwenye nyumba amekaa chini kwenye kiti cha plastiki, na kabla nati ya mwisho haijakaza anapaza sauti: "Fundi, huwezi kunifungulia ile moja tu?" Miaka yote nilijibu kwamba mtambo hauruhusu. Nilikuwa nasema uongo bila kujua.

Mtambo unaruhusu. Setilaiti iko juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, na inamwaga chaneli zote kwenye madishi yote kwa pamoja, zikiwa zimefungwa. (Ikweta ni hapo Kayabwe tu, ndiyo maana madishi mengi ya kwetu yamelala karibu chali kama bakuli la uji. Lako likituama maji ya mvua, mwambie fundi alitoboe tundu dogo pale chini.) Kinachofungua chaneli ni kadi. Amri inashuka kutoka juu ikiitaja namba ya kadi yako: huyu afunguliwe hizi na hizi. Wakitaka kukufungulia moja, watakufungulia moja.

Kinachokataa ni mikataba. Kampuni yako nayo hainunui chaneli rejareja. Mwenye tamthilia mara nyingi ana chaneli ya kupika, ya katuni na ya mitindo, na anauza zote kwa mkupuo: ukitaka hii, chukua na ndugu zake. Tena anataka ziingie nyumba nyingi, kwa sababu mwenye kutangaza sabuni anahesabu nyumba. Mpira ndio mzigo mzito kuliko yote. Haki za Ligi Kuu ya Uingereza zinanunuliwa kwa misimu kadhaa kwa mpigo, kwa pesa za kutisha, na pesa hizo lazima zirudi kutoka mahali fulani. Nahisi, na hii ni hisia ya mtu aliyeishi ndani ya biashara hiyo, kwamba tamthilia yako ilihamishwa kwa sababu waliona akina mama wengi wamekaa ngazi ya chini, wakaichukua ngazi na kuisogeza juu.

Je, tukiuziwa moja moja tutapona? Hapo nakuomba usishangilie haraka. Kanada ilijaribu. Mwaka 2016 msimamizi wa utangazaji huko alilazimisha kampuni ziwe na kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25 za Kanada kwa mwezi, na kufikia Desemba mwaka huo mteja aweze kuongeza chaneli moja moja au kwa mafungu madogo. India nao, kuanzia Februari 2019, kila chaneli ya kulipia ikawekewa bei yake hadharani, na mteja akachagua mwenyewe. Wapo waliopunguziwa, lakini wapo waliochagua zile wanazozipenda, wakajumlisha, wakakuta wamezidi bili ya zamani. Mwaka 2020 kanuni zikarekebishwa, ada ya msingi iliyokuwa inabeba chaneli 100 ikabeba 200. Chaneli inayopendwa ikisimama peke yake huwa ghali, kama kuku anayeuzwa mapaja tu.

Sasa siku zako. Ulipopanda katikati ya mwezi ulilipa tofauti ya bei, na tofauti hiyo ilikupandisha hadi tarehe ileile uliyokuwa nayo. Hukununua mwezi mpya. Kijana wa simu alipaswa kukuambia hivyo kabla hujatuma pesa, na kunyamaza kwake kunaniudhi kuliko hiyo bei. Siku nyingine subiri tarehe ifike, izime, kisha ulipie kifurushi kipya kizima. Washa dekoda kabla ya kutuma pesa na uiache kwenye chaneli unayoitaka, maana ile amri ya kadi ikipita dekoda imezimwa, utalala unatazama kioo cheusi huku umelipa.

Za umeme sahau, kwa masikitiko. Dishi linapokea tu, halijibu. Kule juu hawajui kama Bombo kuna giza au umelala.

Kuhusu chaneli kuondolewa katikati ya mwezi uliokwisha kulipia, hapo una haki ya kudai. Usipige simu, andika. Taja namba ya kadi, tarehe uliyolipa, tarehe chaneli ilipotoweka, na useme hukupewa taarifa. Ujumbe wa malipo ulioingia kwenye simu usiufute. Wasipojibu, peleka barua hiyohiyo na nakala zake Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, pale Bugolobi, Kampala. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 imewapa kazi ya kusikiliza malalamiko ya wateja. Usiende kulia. Nenda na karatasi.

Ningekuwa nyumbani kwako ningefanya hivi. Tazama nyuma ya televisheni yako au kwenye kitabu chake kama imeandikwa T2, yaani ina kipokezi cha dijitali ndani yake. Ikiwa imeandikwa, habari za hapa nyumbani huzihitaji kulipia. Tangu mitambo ya zamani ya analojia ilipozimwa Kampala na vitongoji vyake Juni 2015, vituo vya bure vinakuja kwa dijitali, na antena nzuri juu ya paa inatosha. Chaneli za dini nyingi zinarushwa wazi, bila kadi, kwa hiyo dekoda ya chaneli za bure na dishi la pili vinakutoa hapo. Inabaki tamthilia peke yake. Hiyo ilipie mwezi inaponoga, mwezi inapozungukazunguka iache. Wanangu wananiambia mama yao anafanya hivyo na bado anajua nani kamuoa nani.

*Fundi, niko Busia upande wa Uganda. Jirani ananiambia nikanunue dekoda ng'ambo ya Kenya, chaneli ni nyingi na bei afadhali. Ni kosa? — Kijana wa Busia*

Mdogo wangu, dishi halioni mpaka, mvuko wa Busia kwake ni mtaa mmoja. Ila haki za kuonyesha zinauzwa nchi kwa nchi, na kadi inasajiliwa nchi moja. Unapoitumia nje ya nchi hiyo unavunja mkataba uliousaini bila kuusoma, na siku ikizimwa hakuna wa kumlalamikia upande huu. Utalipa kwa shilingi za Kenya, kwa laini ya simu ya Kenya, na ukikwama utavuka kwenda kupanga foleni kule. Kama umeamua lazima uione, basi iache dekoda kwa shemeji yako wa ng'ambo, jioni uvuke ukale chakula chake.