Pitcha, Tulia Kwanza Ndipo Urushe

Msomaji kijana, pitcha (mrushaji mpira) wa besiboli, ameniandikia kwa uchungu: ameitiwa boki, yaani kosa la pitcha la mwendo usioruhusiwa mkimbiaji wa timu pinzani akiwa kwenye besi, mara mbili katika mchezo mmoja, mkimbiaji akiwa besi ya kwanza, na anaamini mwamuzi kamwonea. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuonewa. Mikono yake ilikutana kwenye glavu, ikashuka hadi kiunoni, na mpira ukaondoka bila mwili kusimama.

Mkimbiaji akiwepo, pitcha anayerusha kutoka mkao wa seti, ule wa kusimama kiubavu, lazima atulie kabisa baada ya mikono kukutana, mguu wa nyuma ukiwa unagusa raba, kile kibao anachokanyaga wakati wa kurusha. Kupunguza mwendo hakuitwi kutulia. Glavu ikigonga mkanda na kuruka juu papo hapo, umeshakosea. Adhabu ni kila mkimbiaji kusogea besi moja, na aliye besi ya tatu anapata pointi bila mtu kupiga mpira. Mwaka 1988 ligi kuu za Marekani zilipokaza kipengele hiki, pitcha Dave Stewart wa timu ya Oakland aliitiwa boki 16, na msimu huohuo alishinda michezo 21. Kwa hiyo usidhani kipaji kitakukinga.

Boki nyingine hutoka begani. Ukiwa kwenye raba, kichwa geuza upendavyo, ila bega likicheza kuelekea besi ya kwanza halafu likarudi, huo ni udanganyifu. Ukirusha besi ya kwanza, mguu wa mbele ukanyage kuelekea huko kabla mpira haujatoka. Ukitaka kughairi, shuka kwenye raba: mguu wa nyuma urudi nyuma yake kwanza, mikono ikiwa bado pamoja. Wengi huachanisha mikono mapema, na hapo ndipo wanaponaswa.

Sasa mazoezi. Wewe unayetaka kufika mbali, acha kuwa na mirusho miwili, mmoja wa besi tupu na mwingine wa mkimbiaji. Angalau nusu ya mirusho yako ya mazoezi itoke kwenye seti. Chora mstari kwenye udongo kutoka katikati ya unyayo wa nyuma hadi homu, pale anaposimama mpigaji, rusha mara kumi, kisha tazama alama za mguu wa mbele. Zikiwa zimerundikana pamoja kwenye mstari, mwendo wako umekaa. Zikitawanyika, usiulaumu mkono. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu ukitua upande wa besi ya tatu, nyonga inafungwa na mkono unalazimika kukata mbele ya mwili. Ukitua upande wa besi ya kwanza, bega linafunguka mapema, mkono unachelewa, na mpira unabaki juu.

Kurudia mwendo uleule hakumaanishi kurudia muda uleule. Ukitulia sekunde moja kila mara, mkimbiaji mjanja atakusoma na kuiba besi, yaani kukimbilia inayofuata bila mpira kupigwa. Tulia sekunde moja, kisha tatu, kisha mbili, ila kuanzia goti la mbele linaponyanyuka, kila kitu kiwe kilekile.

Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka upande unaoutazama ukiwa kwenye seti. Cheza video polepole na uangalie glavu peke yake. Kama huoni picha kadhaa mfululizo ambamo haijasogea hata kidogo, mwamuzi naye hataziona.