Jibu: Mshipa wa ubongo umebana 75%, mzee atapata kiharusi tena?
Habari ndugu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mshipa wa ubongo wa mzee uliobana kwa 75% lazima ulete kiharusi kingine, na kama awekewe stenti (kibomba kidogo cha wavu kinachotanua mshipa).

Asilimia peke yake haitoshi. Angalia kwanza alipata dalili lini: kubana kwa 70% au zaidi pamoja na kiharusi cha karibuni ndiyo hatari zaidi. Stenti msiikimbilie. Katika utafiti wa SAMMPRIS, Marekani, 2011, ndani ya siku 30 asilimia 14.7 ya waliowekewa walipata kiharusi au kufariki, dhidi ya 5.8 ya waliotibiwa kwa dawa tu.

Kliniki kwetu tunaanza na presha, ya juu ishuke chini ya 140, kisha aspirini, kushusha kolesteroli, kuacha sigara. Wengi huacha dawa wakipata nafuu (hawa ndio wanaotusumbua). Picha zake sijaziona. Muulize daktari wake kama damu inapita njia za pembeni, yaani mishipa mingine inayozunguka palipobana.